Wageni Niliowapeleka Magoma

Wanangu mnaosomea utalii, kila mnapokuja kunisalimia swali lenu ni moja, mnabadilisha maneno tu: kwa nini Mama Rehema hukubaki Arusha? Wenzako walibaki, wakajenga. Mnaliuliza kwa adabu, vikombe vyangu vya chai mikononi, lakini nalisikia vilevile. Basi leo nijibu mara moja, ili mkija tena tuzungumze mengine.

Arusha nilikaa miezi minne. Kazi yangu ilikuwa kupanga vipeperushi mezani na kuchemsha maji ya wakubwa. Kila mgeni alikwenda alikokwenda mgeni wa jana, akasimama palepale, akapiga picha ileile, akarudi kusema ameiona nchi. Nikajiambia kazi hii hata mbuzi anaiweza, mradi aonyeshwe njia mara mbili. Nikapanda basi nikarudi nyumbani Korogwe.

Na Korogwe mnaijua. Basi linasimama dakika kumi, watu wanashuka wakijinyoosha, wanakimbilia chooni, wananunua machungwa dirishani, honi inalia, wamekwenda. Kwa abiria wengi mji wetu ni choo na machungwa. Hilo liliniudhi tangu ningali mdogo. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye kiofisi cha vyumba viwili karibu na stendi, cha bwana mmoja aliyeamini kwamba wapo watu wanaotaka kwenda wasikokwenda wengine, niliingia kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Nikadumu humo miaka ishirini na sita.

Aliyenifundisha kazi hakuwa yule bwana. Alikuwa dereva wake, Mzee Kibwana, Mzigua wa Misima kule Handeni, mtu mrefu, mkavu, mwenye kofia ya kufuma aliyoivua msikitini tu kubadilisha na nyingine safi. Gari lilikuwa Land Rover lililokuwa zee kuliko mimi, na ndani yake kulikuwa na boksi la kanda za taarabu na dansi ambazo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa. Mimi ni Msambaa wa tambarare, na yeye alinitania kila siku ya Mungu. Nikichelewa, ni kwa sababu Wasambaa tunasubiri ukungu uondoke hata mahali pasipo na ukungu.

Wiki yangu ya kwanza alinipeleka Misima akaniacha kwao siku mbili. Nilirudi na daftari limejaa. Nimeandika kilima, nimeandika mashamba ya mahindi, nimeandika bibi anayefinyanga vyungu. Mzee Kibwana hakulifungua. Aliniuliza wanawake wanateka maji saa ngapi. Sikujua. Aliniuliza ni nyumba gani ina mgonjwa, ili mgeni asipite pale akicheka. Sikujua. Aliniuliza mbwa wa nani anauma. Hilo nililijua, kwa sababu alikuwa ameniuma.

Akanirudisha. Alisema mahali pasipojulikana hapana kitabu cha kukuelekeza, kwa hiyo kitabu ni wewe, na huwezi kuwa kitabu kwa siku mbili. Ukienda peke yako ukae mpaka uchoke, mpaka uone hapana kitu cha kutazama. Siku hiyo ndipo utaanza kuona. Nilifanya hivyo mahali pote nilipopeleka watu baadaye, na ninyi fanyeni hivyo hata kama siku hizi simu inawapa picha ya kijiji kabla hamjafunga kamba za viatu. Picha haikwambii mbwa anauma.

Makosa nimeyafanya mengi, mengine ya kuchekesha. Niliwahi kupeleka wageni kwa wafugaji, kule kwenye nyika kavu za Handeni, saa sita mchana. Nilikuwa nimewasimulia ng'ombe njia nzima. Tulipofika bomani tulikuta mzee mmoja na ndama watatu. Ng'ombe walikuwa malishoni, vijana wako na ng'ombe, akina mama wamekwenda kuni na maji. Yule mzee alitukaribisha kwa heshima zote, akakaa na wageni wangu, akawatazama kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama huko wanakotoka ng'ombe hukaa nyumbani mchana. Nilitamani ardhi inimeze. Mji mkubwa unaweza kuuingia saa yoyote ukaukuta uko vilevile, umekuwekea taa na viti. Kijiji kina saa zake, na hakikungoji wewe.

Hilo nililishika vizuri mno. Nikawa mtu wa kutoa taarifa. Kabla simu hazijaenea nilikuwa natuma barua kwa kondakta, baadaye nikawa napiga simu kwa mwenyekiti wa kitongoji siku mbili kabla: nakuja na wageni kadhaa, saa fulani, tafadhali wasikute nyumba tupu. Nilijiona mtaalamu. Na huo utaalamu ndio ulionifikisha kwenye jambo ninalotaka kuwaambia leo, ambalo wanangu wa kuwazaa wenyewe sijawaambia lote.

Lilitokea Magoma, humuhumu wilayani Korogwe, kwetu. Namaanisha kwetu kabisa, nilikozaliwa, ambako najua kila mfereji unakoanzia na unakoishia.

Wageni walikuwa wawili, mtu na mkewe, walimu kutoka Mwanza. Mume aliitwa Masanja, mke Kabula. Walikuwa wametoka Moshi harusini, wanakwenda Dar wakapande boti ya Unguja, ambako Masanja alikuwa akiota kwenda tangu ujana wake. Basi lao liliposimama zile dakika kumi, Kabula aliona kibao chetu, akakisoma, akamwambia mumewe washushe mizigo. Masanja alidhani anaumwa. Walikubaliana usiku mmoja tu, siku moja Magoma, halafu safari yao iendelee.

Nikapiga simu kwa mwenyekiti kama kawaida yangu. Nikaomba wageni wapokelewe nyumbani kwa Bi Mwanaidi, kwa kuwa nyumba yake iko karibu na njia na mikono yake inajua kupika. Bi Mwanaidi alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, anaishi na mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la tano. Si shangazi yangu wa damu, lakini nimemwita shangazi tangu nilipojua kusema. Chakula chake cha mwaka mzima kilikuwa kwenye majaruba mawili ya mpunga kando ya mfereji mkubwa.

Mpunga wakati ule ulikuwa umetoa masuke na punje bado ni maziwa. Mtoto yeyote wa Magoma anajua maana yake. Ni wakati wa kwelea-kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja maelfu kwa maelfu. Punje ikiwa maziwa wanainyonya, wakiondoka suke limebaki kapi. Kwa hiyo kila mwenye shamba anakuwa juu ya dungu, ule ulingo wa miti unaosimamishwa katikati ya mpunga, tangu alfajiri mpaka jua litue, ana kombeo na madongo ya udongo, anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Huko ndiko kuamia. Hakuna kuamia nusu siku.

Nami nilipiga simu ile wakati huo. Nilijua ni msimu gani. Nilifikiri tu kwamba watapanga wenyewe.

Walipanga, kwa adabu zao zote. Bi Mwanaidi alivaa kanga safi akabaki nyumbani kusubiri, shamba akamwachia jirani yake wa dungu la pili. Jirani aliposikia gari linaingia, naye akashuka. Asingeweza kubaki kule juu wageni wakapita, kesho ikasemwa kwamba fulani alijificha asisalimie. Wa dungu la tatu akafanya hivyohivyo. Tulipofika saa mbili asubuhi tulikuta watu wamejipanga uani kama siku ya Idi, na mimi nikafurahi, wanangu, nikamtazama Mzee Kibwana kumwonyesha ninavyojua kazi. Yeye hakunitazama. Alikuwa anaangalia upande wa mashamba.

Salamu za kwetu mnazijua, hazina haraka. Shikamoo na marahaba kwa kila mkubwa, habari za huko, za safari, za watoto, za kazi, wazazi wazima, mvua zimenyesha. Masanja alijibu moja baada ya nyingine huku jasho linamtoka. Kisha tukakaa mkekani, ikaja chai ya maziwa na vitumbua, na Bi Mwanaidi mwenyewe akapita na birika la kunawisha.

Hapo ndipo niliposikia. Ni sauti kama ya mtu anayemwaga mchele kwenye ungo, haikatiki, inatoka mbali. Mimi ni mtoto wa Magoma. Nimelala juu ya dungu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Sauti ile siwezi kuikosea.

Nilinyamaza. Nilifikiri, nikisema sasa, watu wote watatimka mbio, wageni wataachwa na vikombe mkononi, mapokezi yataharibika, na hawa ni watu watakaokwenda kuwasimulia wengine. Nikajiambia labda wako shamba la mbali. Nilichukua kitumbua cha pili. Bi Mwanaidi alikuwa anammiminia Masanja maji, mkono wake ukasimama kidogo, kisha akaendelea kumimina. Mwenye nyumba kwetu hawainui wageni wakiwa wanakula. Majirani nao walikuwa wamekaa, wanatazama chini.

Sijui tungekaa hivyo mpaka lini. Kabula aliweka kikombe chini. Mimi sikuwa nimemuuliza kwao wanalima nini, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu kwao wanalima mpunga.

"Samahani, mama," alimwambia Bi Mwanaidi. "Shambani yuko nani?"

Bi Mwanaidi alijibu kwamba hayupo mtu. Kabula akasimama, akakaza kitenge chake, akatoka mbio, na ndipo wengine wote wakaweza kusimama.

Tulipofika mferejini ndege waliruka kwa pamoja, wakaifunika anga yote upande ule. Masanja, ambaye amekulia mjini, alitazama yale majaruba akasema mpunga umesimama vizuri sana, akatoa kamera. Mkewe akaushusha mkono wake polepole. Mpunga wenye punje huinama. Ule ulikuwa umesimama wima kwa sababu ulikuwa mtupu. Jaruba la karibu na mfereji lilikuwa limekwisha lote. La pili lilikuwa limeliwa kingo, katikati pamebaki. Majirani walikuwa na majaruba mengi na mikono mingi ya kuokoa yaliyobaki, hasara yao ilikuwa ndogo. Bi Mwanaidi alisimama na kanga yake safi kwenye tope. Baadaye aligeuka akatuomba turudi tukamalize chai.

Kwelea-kwelea wakishapaonja mahali, kesho yake wanarudi na ukoo mzima. Mpunga ulikuwa umebakiza wiki tatu hivi kukomaa. Mjukuu alikuwa shule. Kilichobaki katikati ya lile jaruba la pili ndicho kilichokuwa chakula cha watu wawili, na kisingeweza kuamiwa na mama mmoja mwenye magoti mabovu.

Jioni ile Kabula alimwambia mumewe kwamba yeye haendi Unguja. Walibishana nyuma ya nyumba, tukisikia sote na kujifanya hatusikii. Masanja alisema amekwisha kuwaaga walimu wenzake wote kwamba anakwenda Unguja, na mwalimu mkuu ameagiza karafuu. Kabula alimjibu kwamba bahari itakuwepo hata mwakani. Asubuhi yake Masanja alipanda dungu na suruali yake ya harusini.

Kombeo si kitu cha kukishika ukubwani. Dongo lake la kwanza lilimpita jirani sikioni, la pili lilivunja kioo cha pembeni cha Land Rover. Mzee Kibwana alikitazama kioo, akasema gari halikuwa likiangalia nyuma siku nyingi. Kisha akafungua boksi lake, akatoa kanda moja, akaivuta utepe wake wote mpaka kasha likabaki tupu. Alifunga ule utepe kwenye miti, akaukaza juu ya mpunga kutoka pembe moja hadi nyingine. Upepo ukipita, utepe unavuma na kumetameta, na ndege hawaupendi. Alifanya hivyo kwa kanda baada ya kanda, taarabu yote, dansi yote, miaka thelathini ya kuzikusanya. Moja aliibakiza, ya mawaidha. Alisema hiyo ilimpa usingizi hata yeye, haiwezi kumtisha ndege.

Wale walimu walikaa siku tisa. Kuna mambo mimi niliyezaliwa pale sikuwahi kumwonyesha mgeni yeyote, na wao waliyapata bila mimi: jinsi umande unavyokuwa baridi juu ya dungu, jinsi watu wanavyoitana kutoka dungu hadi dungu na kupeana habari za mji mzima, jinsi Bi Mwanaidi anavyotania akiwa amekaa juu na wewe uko chini. Alimwita Masanja "mkwe" kufikia siku ya nne. Nami nilikwenda na kurudi, nikaamia siku zangu, hata walimu walipokwisha kuondoka, mikono ikanichubuka. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinikaa vibaya kuliko lawama. Siku ya kuondoka Masanja aliomba picha moja tu, akiwa juu ya dungu, sauti imemkauka hata kuaga hawezi.

Kila mara nasikia watu wakiwaambia ninyi vijana kwamba sehemu zisizojulikana ni tulivu, hazina msongamano, watu wake ni wakarimu. Ni kweli yote. Lakini ukarimu ule una mtu anayeutoa, na anautoa akiwa ameacha kitu mahali fulani. Hoteli ya mjini ina watu wa kupokea wageni, ndiyo kazi yao. Magoma hakuna mtu mwenye kazi hiyo. Anayekupokea ameshuka kutoka kwenye kazi yake. Tangu mwaka ule sikupiga tena simu ya kuomba mapokezi. Nilipiga kuuliza watu watakuwa wapi, na wageni tukawafuata hukohuko, wakasalimia kutoka chini.

Mpunga wa Bi Mwanaidi, niwaambie mapema msije mkafikiri kisa hiki kimeishia vizuri, ulimfikisha nusu ya mwaka tu. Miezi iliyobaki alikula ugali wa mahindi tuliyochanga mimi na Mzee Kibwana kutoka Misima, na alikuwa mtu asiyependa ugali.

Siku ya kuvuna nilikwenda bila kuitwa. Alinipa mundu, tukakata pamoja, tukapiga, tukapeta. Rundo lilikuwa dogo, unaweza kulizunguka kwa hatua chache. Nilipokuwa nakunja turubai nikamwona anajaza mpunga kwenye kiroba, anakifunga kwa kamba, anakiweka miguuni pangu. Alisema nikipeleke stendi kwenye basi la Mwanza, kiende kwa Kabula.

Nilikataa. Nilimwambia, shangazi, Kabula ana mpunga kwao, na wewe huu hautoshi. Alisema Kabula ni mgeni wake na haondoki mgeni wake mikono mitupu, na kama alichelewa kumpa ni kwa sababu mpunga ulikuwa bado haujaiva. Kisha akaanza kufagia uwanja. Mimi nikabaki nimesimama na kile kiroba, na jambo nililokuwa nimelibeba tangu asubuhi ile likanitoka.

"Shangazi, siku ile niliwasikia ndege. Niliwasikia nikanyamaza."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakutazama."

Aliendelea kufagia mpaka akanifikia, akasimama.

"Mimi ni mwenye nyumba, mwanangu, siwezi kuwainua wageni. Majirani nao wangeonekanaje? Pale uani mwenye kuweza kusema alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nakungoja wewe."

Bi Mwanaidi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na mimi nimestaafu. Kile kiroba nilikibeba mpaka stendi, nikakipandisha kwenye basi la Mwanza.